Mafundo ya Mama Masijala

Nianze na benchi, maana benchi ni langu. Liko kwenye kibaraza cha duka langu la stesheneri hapa Turwa, mjini Tarime, na ubao wake upande wa kushoto umebonyea kidogo. Hapo palikuwa pake. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi alifika na kikapu chake cha ukindu, akapangusa vumbi kwa ncha ya mtandio, akakaa, na kabla sijamaliza kumwamkia tayari watu watatu wamesimama mbele yake, bahasha za kaki wamezikumbatia kifuani. Mimi nina fotokopi, nina printa, napiga picha za pasipoti, nauza kalamu na madaftari. Lakini muulize mtu yeyote duka langu liko wapi, atakwambia, "Lile la pale anapokaa Mama Masijala." Pango nalipa mimi, na duka likaitwa kwa jina la mtu ambaye hajawahi kununua hata kifutio.

Masijala, kwa aliyebahatika kutoingia ofisi za serikali, ni kile chumba cha mafaili. Barua yako huingia humo ikiwa mpya, na ikitoka wewe una mvi. Yeye alifanya kazi kwenye masijala ya ofisi moja hapa mjini. Ofisi sitaitaja, leseni yangu inahuishwa mwezi ujao. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, sikumuuliza. Serikali ilimleta Tarime akiwa msichana, ikasahau kumhamisha. Mimi hayo yananitosha.

Jumamosi zake alizitoa bure kwa watu wa mafao. Mwalimu anayestaafu, dereva aliyeanguka kiharusi, nesi aliyeumia kazini, mjane wa mlinzi wa shule, wote walipita kwenye lile benchi. Alisaidia watu wa wilaya mbili kupata haki zao, wote isipokuwa mmoja, na huyo mmoja alikuwa akivaa viatu vyake. Fomu yake mwenyewe ilikaa ndani ya droo yangu, tupu, tangu mvua za vuli mpaka mahindi yakakomaa. Nawaambia mapema ili msije mkasema nimewazungusha. Habari yote hii ni habari ya ile fomu.

Lakini kwanza mikono yake. Mama Masijala hakufunga faili kama watu wengine. Alikuwa na kamba nyeupe za pamba kwenye kikapu, na alipomaliza kupanga makaratasi ya mtu, akayatoboa, akapitisha kamba, kisha kwenye ncha ya kamba akapiga fundo. Fundo moja ni mtu anayestaafu kwa umri. Mafundo mawili ni anayeacha kazi kwa ulemavu au maradhi. Matatu ni marehemu, wanaodai ni warithi. Huko masijala kwake nako alifunga hivyo hivyo. Waliomwona wanasema aliweza kunyoosha mkono kwenye rafu, akapapasa kamba, akachomoa faili lako huku anaulizia bei ya ndizi. "Mkono unajua kabla ya jicho," alikuwa akisema. Mimi niliona ni mbwembwe tu.

Watu wetu nao hawakosi maelezo. Ikasemekana yale mafundo ni dawa. Faili lililofungwa na yule mama halipotei, halichelewi, na afisa akilifungua vidole vinamuwasha mpaka asaini. Yeye uchawi hakutaka hata kuusikia, angekufukuza benchini kwa kuutaja. Siku moja mzee mmoja akaja na kamba ya kufungia ng'ombe, akaomba apigiwe fundo kwa sababu ya wezi. Nikasema leo mzee huyu ataoga matusi. Mama Masijala akaichukua kamba, akafunga fundo moja kubwa, akamrudishia, akamwita tata, yaani baba, kama sisi tunavyowaita wazee. "Haya, tata. Mimi nimefunga langu. Sasa na wewe nenda ukafunge mlango wa zizi, maana najua huwa hufungi." Mzee hakuibiwa tena, na sifa zote zikaenda kwa fundo.

Ulimi wake ulikuwa na makali ya kuchekesha. Alilalamika kila siku kuhusu Kiswahili chetu. "Nyie watu mkisalimia, mgeni anatafuta mlango wa kutokea." Sisi tukamjibu kwamba Kiswahili chake kitamu mno, mtu anaweza kukubali talaka na akashukuru. Lakini neno letu moja alilipenda, mura, ambalo kwetu ni kumwita kijana. Akalitumia kwa wote. Mwalimu mkuu mwenye kitambi, mura. Mchungaji, mura. Mkuu wake wa idara alipopita hapa kutoa fotokopi, "Mura, kaa vizuri kwenye foleni." Na akakaa.

Kanuni yake kubwa ilikuwa moja: fomu unajaza mwenyewe, na ukimaliza unaisoma kwa sauti. Yote. Kuanzia jina mpaka sahihi. Mtu akianza kunong'ona, anamkatiza. "Sauti! Haki haiombwi kwa kunong'ona." Basi pale kibarazani ukasikia watu wazima wanatangaza namba za vitambulisho vyao kama wanaita mnada. Na fotokopi yangu ikipiga kelele, naambiwa nizime. Nizime! Wateja wamejaa dukani, Jumamosi, nizime mashine ili mtu wa Nyamongo asome jina la mke wake wa pili. Nilimnunia mara nyingi, na yeye akaninyamazia mpaka nikachoka kununa.

Na alijua kuuliza. Alikuja mlinzi mmoja wa shule, mwaka wa kuzaliwa kwenye kitambulisho ni mmoja, kwenye barua ya kuajiriwa ni mwingine. Kwenye mafao tofauti ya namna hiyo inaweza kukukausha. Wengine wangemwambia akatafute cheti cha kuzaliwa ambacho hakijawahi kuwapo. Mama Masijala akamuuliza, mbele ya watu, "Ulitahiriwa pamoja na nani?"

Benchi zima likageuka kumtazama. Mwanamke hamuulizi mzee jambo hilo. Lakini alikuwa ameishi kwetu vya kutosha kujua kwamba mwanamume wa Kikurya anaweza kusahau mwaka aliozaliwa, aliotahiriwa nao hawasahau mpaka kaburini. Mzee akakohoa, akaanza kutaja majina. Katika kutaja, akapatikana mmoja aliye katekista, mwenye cheti cha ubatizo. "Huyo," akasema Mama Masijala, "mlete akuapie kwamba ni rika moja." Jumamosi iliyofuata mzee akarudi na katekista, na wengine saba, maana rika haligawanyiki. Wote walitaka kuapa. Ilikuwa shwari mpaka mmoja akamkumbusha mwenzake kwamba siku ile ya kisu alipepesa macho. Nilihamisha printa yangu ndani haraka sana.

Na yule dereva mstaafu wa Machochwe, je? Pensheni yake ilisimama kwa sababu hakwenda kuhakikiwa. Mstaafu anatakiwa kila baada ya muda ajitokeze, aweke kidole kwenye mashine, ijulikane hajafa. Yeye aliposikia serikali inataka uthibitisho kwamba yu hai, akalipeleka jambo mahali panapoamuliwa mambo makubwa, kwenye ritongo, baraza la wazee wa mila. Wazee wakakaa kutwa nzima. Mashahidi wakaitwa. Hata adui yake wa miaka mingi, waliyegombana naye kwa mpaka wa shamba, alisimama akashuhudia, kwa uchungu, kwamba kweli huyu mtu bado yupo. Maamuzi yakaandikwa kwenye karatasi la daftari, dole gumba tisa chini, akaja nalo kutoka Machochwe akiwa amelikunja ndani ya kofia.

Mimi nilicheka mpaka nikashika kaunta. Mama Masijala hakucheka. Akamwambia asome kwa sauti, akasikiliza mpaka dole la tisa. "Karatasi hii ni nzuri kuliko ya kwao," akasema. "Tutaiambatanisha. Lakini na kidole utaweka, tata. Kwa serikali mtu hai ni aliyeweka kidole. Anayepumua tu, hizo ni tetesi." Akapiga fundo moja. Dereva alipoondoka, nikamwona anajifuta machozi ya kicheko kwa mtandio.

Malipo hakupokea kwa mtu. Ukimletea mkungu wa ndizi anakugombeza, anakwambia unataka kumharibia jina, kisha anauliza ni ndizi za kupika au za kuiva. Alichukia uvivu, na yeye mwenyewe alikuwa hanyanyuki kwenye benchi, chai nimletee mimi. Na kitu alichochukia kuliko vyote ni mtu kuficha ugonjwa wake. Hapo ndipo ninapofika kwa nesi wa Kenyamonta.

Nesi huyu alikuwa mama wa makamo. Mkono wake wa kulia ulikufa baada ya kuanguka na pikipiki akitoka kumzalisha mtu. Alifika ameuficha ndani ya kitenge. Akaandika kwa mkono wa kushoto, taratibu, mpaka kwenye kipengele cha ulemavu, akasimama.

"Mama, hapa niandike tu naumwa mkono."

"Unaumwa?"

"Hapana. Haufanyi kazi."

"Basi andika haufanyi kazi."

"Watu watasema…"

"Watu hawana nafasi kwenye hiyo fomu, mwanangu. Naijua yote, hakuna kipengele cha watu. Toa mkono nje. Fomu haiombi huruma, inauliza swali, na swali linajibiwa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe nesi, nikufundishe mimi?"

Nesi akautoa mkono. Akalia kidogo, akacheka, akaandika. Alipomaliza kusoma kwa sauti, akaisukuma fomu juu ya benchi ikaguliwe, na kwa kuwa alisukuma kwa mkono asiouzoea, fomu ikageuka, kichwa chini miguu juu. Mama Masijala akaweka kidole chake juu ya karatasi, akawa anakishusha mstari kwa mstari. "Jina, sawa. Tarehe ya kuajiriwa, sawa. Cheo, sawa." Aliposema jina, kidole kilikuwa kwenye nafasi ya muhuri.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na rimu ya karatasi mikononi. Nesi akaniangalia. Nikamwangalia. Kisha wote wawili tukaitazama fotokopi, ambayo wala haikuwa inafanya kitu.

Akiwa anaondoka nesi akanivuta pembeni. "Kaka, huyu mama haoni. Angalia anavyogeuza kichwa kutafuta kikombe. Hiyo ni presha ya macho, imeshakula pembeni, sasa inakula katikati. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa, akitibiwa. Usimwache."

Nilikasirika. Ndiyo, kukasirika, mimi ndivyo nilivyo, kwanza hasira halafu akili. Nilijiona nimetapeliwa. Miaka yote nimezima mashine yangu ili watu wasome kwa sauti, kumbe wanamsomea yeye! Yale mafundo, kumbe! Ile "chai umeiweka wapi leo" ya kila Jumamosi, kumbe! Nikakaa nyuma ya kaunta, hasira ikaisha, ikabaki aibu. Mtu anakaa umbali wa hatua tatu kutoka kwangu, anazama kidogo kidogo, na mimi nanuna kuhusu fotokopi. Kama kanuni ya sauti ilianza kwanza au macho ndiyo yalianza, mpaka leo sijui. Nadhani ilianza kanuni, kwa nia njema kabisa, macho yakaja baadaye yakajificha nyuma yake.

Sikumwambia kitu. Ningemwambia nini? Kisha huko masijala kwao wakaleta kompyuta. Kila barua sasa iingizwe humo. Na kompyuta haina kamba.

Jumamosi hiyo, watu walipokwisha, akaita bila kugeuka. "Baba Ghati." Ghati ni binti yangu wa kwanza. "Nitolee fomu moja ya mafundo mawili."

"Ya nani, Mama?"

"Ya mtu. Iweke kwenye droo. Mwenyewe atakuja."

Nikaitoa, nikaiweka. Jumamosi iliyofuata, "Mwenyewe hajaja?"

"Hajaja, Mama."

"Watu wana uzembe."

"Sana, Mama."

"Akija mwambie picha nne, na barua ya mwajiri ya kumpeleka kwenye jopo la madaktari. Asije mikono mitupu."

"Nitamwambia."

Mchezo huo tukaucheza miezi. Mimi najua, yeye anajua, na anajua kwamba najua. Mara moja nikajaribu. "Na nikimwona amekaa kwenye benchi langu, nimwambie?"

"Usimsumbue mtu akiwa kazini," akajibu, akanywa chai. Mganga hajigangi, wahenga walisema, lakini hawakusema jirani wa mganga afanye nini.

Kisha akaja na barua. Ilikuwa na muhuri, imekunjwa mara tatu. "Nisomee, macho yameingia vumbi." Nikaanza kusoma polepole, nikiwaangalia watu wa pembeni. "Sauti," akasema. Nikasoma kwa sauti. Mkuu wake anaandika kwamba mafaili manne ameyaingiza kwenye kompyuta kwa majina ya watu wengine. Kwamba moja lilikuwa la mjane, na madai ya mjane huyo yamerudi mwisho wa foleni. Kwamba ajieleze ndani ya siku ishirini na moja kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu kwa uzembe.

Hatua za nidhamu hazikumshtua. Alishtuka kwa mjane. "Yule nilimkalisha hapa," akasema, akapapasa ubao wa benchi. "Ana watoto wadogo. Hapa hapa."

Ningenyamaza. Mtu mwenye busara angenyamaza. "Maelezo yako yako kwenye droo, Mama!" nikasema, na sauti ikapanda yenyewe. "Kuugua macho si kosa, uzembe ndio kosa. Wakikuandika mzembe, miaka yako yote itasomeka hivyo, na hayo mafao utayadai ukiwa wapi? Wangapi umewatoa mikono kwenye vitenge hapa, wewe wako unauficha mpaka lini?"

Foleni yote ilisikia. Akasimama. Akagonga goti kwenye kreti la soda ambalo nimeliweka pale tangu nifungue duka, akashuka ngazi, akaondoka akiwa ameinyoosha shingo.

Jumamosi mbili hakuja. Watu wakaja, wakakuta upande wa kushoto hauna mtu, wakanigeukia mimi. Nikajaribu, jamani, Mungu shahidi. Mwalimu mmoja nilimfanya aandike tarehe ya kustaafu kwenye nafasi ya tarehe ya ndoa. Bibi mmoja aliniuliza, kwa upole mkubwa, kama yule mama ameniachia akili au benchi tu. Jioni nikifunga duka nilikuwa nafungua droo naiangalia ile fomu. Nilimwomboleza mtu ambaye yuko mitaa mitatu kutoka kwangu, na nikamkosa vibaya.

Alikuja Jumatano mchana, zikiwa zimebaki siku chache kwenye zile ishirini na moja. Alikuja mwenyewe, kiganja kimoja kwenye ukuta wa duka la jirani, kikapu mkono wa pili. Nilikimbia kuondoa kreti la soda. Akapanda ngazi, akahesabu chini kwa chini, akakaa. Alikaa upande wa kulia.

"Shikamoo, Mama. Hapo si pako, hapo ni pa wateja."

"Marahaba. Leo ndipo pangu." Akaweka kikapu magotini. "Mwenyewe amekuja."

Kwa kuwa sikutaka kulia mbele yake, nikasema, "Panga foleni."

"Kuna watu?"

"Hakuna."

"Basi nimepanga, mura. Nimefika wa kwanza na wa mwisho."

Nikazima fotokopi bila kuambiwa. Nikakaa upande wa kushoto, kwenye ule ubao uliobonyea, nikatoa fomu. Akatoa kikapuni picha nne, barua ya mwajiri, na karatasi ya daktari wa macho wa Musoma. Kumbe zile Jumamosi mbili ndiko alikokuwa. Aliyempeleka ni yule nesi wa Kenyamonta, walishikana, mmoja na mkono, mmoja na macho.

"Kwa mkuu wangu nimeingia leo asubuhi," akasema. "Nikamwambia, mura, sioni. Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia tangu kabla hujahamia. Aliona haya kuliko mimi. Faili la mjane nimewaonyesha kwa mkono pale lilipo, limerudi kwenye nafasi yake. Sasa soma. Kwa sauti, taratibu. Usinirukie kipengele, najua vipo vingapi."

Nikasoma. Jina, akajibu. Cheo, akajibu. Mwaka wa kuajiriwa, akajibu kwa majivuno. Watu wawili waliokuwa wanapita wakasimama. Nikashusha sauti.

"Sauti," akasema.

Tukafika kwenye kipengele kile. Nikasoma, "Aina ya ulemavu." Akapapasa mdomo wa kikapu, akaupapasa tena. Wale wawili barabarani wakaangalia chini.

"Baba Ghati, unajua nilichoogopa? Si giza. Giza nimelizoea kama chumba changu. Niliogopa nikishaandika hapo, nani tena atampa kipofu faili lake?"

Nikachukua jibu lake mwenyewe. "Fomu haiombi huruma, Mama. Inauliza swali."

"Hayo maneno ni yangu."

"Nimeazima."

"Umekaa nayo muda mrefu." Akacheka, machozi yakamtoka hivyo hivyo. "Haya. Andika: hawezi kusoma kwa macho. Andika hivyo hivyo. Kwa macho. Wasije wakafikiri siwezi kusoma."

Nikaandika. Tukafika kwenye sahihi, nikawa nimeshafungua kidau cha wino wa dole gumba, kwa kutaka kumrahisishia. Akasikia harufu ya wino. "Funga hicho," akasema, na ile sauti ya Jumamosi ikarudi yote. Nikaweka rula chini ya mstari, nikamshikisha ukingo wake. Akasaini. Herufi zilipanda mlima kidogo, lakini zilikuwa zake, na jina lilisomeka.

Nikatoboa makaratasi, nikaomba kamba. Akanipa moja kutoka kikapuni, nyeupe, mpya. Nikaipitisha na kukaza. Nikapiga fundo, nikapiga tena, nikakazia na juu yake lisije likafunguka, nikamwekea faili magotini na kujiona nimefanya kazi ya maana kuliko zote tangu nifungue duka.

Akaupitisha mkono juu ya faili. Ukashuka kwenye kamba, ukafika kwenye ncha, ukasimama. Akahesabu kwa dole gumba. Akahesabu tena.

"Baba Ghati."

"Naam, Mama."

"Matatu ni ya marehemu."

Nikaangalia. Kweli, yalikuwa matatu.

Akanisukumia faili, akaegemea ukuta, akanyoosha miguu yake yote miwili kwenye kibaraza changu. "Fungua moja, mura," akasema. "Bado nipo."